Mgongo wa Beatrisi

Mwalimu Bonifasi alihamishiwa Ruponda mwaka 1998, miezi michache baada ya kumzika mkewe. Alikuja na binti yake wa pekee, Beatrisi, aliyekuwa na miaka kumi na moja. Shuleni hakucheka na mtu. Mtoto aliyelegea mstarini alichapwa, na mwaka uliofuata, Beatrisi alipoanza kuegemea upande, bega la kulia likiwa juu, hakumpendelea.

"Simama wima!"

"Nimesimama, Baba."

"Hapa mimi ni mwalimu."

Alimchapa mbele ya shule nzima. Nyumbani alimkataza kubeba ndoo kichwani, na kila asubuhi alimsimamisha ukutani, visigino na kisogo vikigusa tofali. Bega halikushuka.

Binti alipofika miaka kumi na saba, mbavu za upande mmoja zilikuwa zimetokeza chini ya sare. Ndipo akampeleka hospitali. Daktari alimwinamisha, akapitisha kiganja mgongoni, kisha akatundika picha ya eksirei. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda kama herufi S.

"Ni ndoo za maji, daktari?"

"Hapana, Mwalimu. Si mzigo wala uvivu. Mara nyingi chanzo hatukijui, na mtu hawezi kuunyoosha kwa kujikaza." Akaeleza kwamba mtoto anayekua huweza kuvalishwa mkanda mgumu kiwiliwilini, mgongo usizidi kupinda. "Huyu ameshamaliza kukua. Umebaki upasuaji, Dar es Salaam, afungwe vyuma. Unasaidia, ila una hatari zake. Wachache hupooza miguu. Asipopasuliwa ataishi, lakini mgongo unaweza kuendelea kupinda polepole."

"Ningemleta mapema je?"

Daktari aliishusha ile picha. "Pengine mkanda ungesaidia."

Nje, waliketi kwenye benchi.

"Baba," Beatrisi alisema bila kumtazama, "siku zile nilikuwa nimesimama wima. Wima wangu ndio ule."

Beatrisi aliukataa upasuaji. Akahamia Ruangwa kwa shangazi yake Marietha, akajifunza kushona. Bonifasi alikuwa akienda kumwona kila likizo. Binti alimpokea kwa heshima, akampa chai na mihogo, akamuuliza habari za safari, kisha akarudi kwenye cherehani, akipumzika kila mara kwa maumivu.

Siku moja baba alinyanyua mkono ili amkande mgongo. Beatrisi akajikinga uso kabla hajajua anachofanya.

Bonifasi akaurudisha mkono taratibu.