Kipimo cha Tamar

Lise Kasanda hakuwa mtu wa kupima watu kwa mita. Wanawake wa Kamina walimletea kitambaa, wakasimama mlangoni, wakageuka mara moja, basi. Alikitandaza mezani akakitazama mpaka amwone mwenye kitambaa ndani yake, na bega lake lililoinama na tumbo lake lililolegea kwa uzazi, ndipo ashike mkasi. Gauni lilimkaa mtu sawasawa. Waliomwita mchawi walirudi na kitambaa kingine.

Kisha mdogo wake Tamar akapata mchumba, mwalimu mpole anayeitwa Théo, na shangazi yake Théo akaleta satini nyeupe kwa treni kutoka Lubumbashi. Satini ya namna ile hata ungezunguka soko zima usingeipata. Ndoa ilikuwa Jumamosi. Lise ndiye dada mkubwa, na alikuwa amefika umri ambao jamaa wameacha kuuliza habari za mchumba. Sasa wanamsifu tu kwa kazi.

Alipoitandaza satini alijua fika jinsi ya kumtafuta Tamar ndani yake. Hiyo ni kazi, inachosha, maana mtu unayemwona ana mwili wake na hakubembelezi. Lakini siku ile macho yalikuwa mazito na ndoto ya mchana haina jasho. Katika ndoto hiyo aliingia kanisani. Kwaya ikasimama. Jamaa wote wakanyamaza, na hilo lilikuwa tamu kuliko yote. Mkono nao, kwa mazoea, ukakata.

Alhamisi mchana Tamar alilijaribu gauni. Yeye ni mrefu na mwembamba kama baba yao. Lise ni mfupi, mpana kifuani. Gauni lilimpwaya juu kama gunia, na chini likaishia katikati ya muundi.

"Si nilikuambia ukule?" mama yao akamfokea Tamar. "Mawazo ya ndoa inakukondesha. Angalia kazi ya yaya yako Lise unavyoiharibu." Akatoka kwenda kusonga bukari, kana kwamba ugali ungerefusha pindo.

"Yaya, unisamehe," Tamar akamwambia dada yake. "Nimekonda kweli."

Lise alikuwa na pini mdomoni, na aliona afadhali ziwepo. Angeweza kunyamaza. Kila mtu alikuwa amekwisha kumpata mwenye kosa, na mwenye kosa mwenyewe alikuwa anaomba radhi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alimwona Tamar akijibana mbavu kwa viganja, akipima ubaya wake, na hakuweza kuvumilia tena. Akazitema pini mkononi.

"Haukukonda. Nilikata ya minyi," akasema, akijigusa kifua.

"Ya weye namna gani?"

"Nilikuwa najiona minyi, ndani ya hii robe," akalinyooshea gauni kidole. "Siku ya ndoa."

Tamar alilivua gauni akasimama na kamisi yake ya ndani, akamnyooshea dada yake. "Vala nione."

Lise alikataa, kisha akavaa, maana alikuwa hana haki ya kukataa. Tamar alimfunga vifungo vya mgongoni. Hakuna mshono uliovuta, hakuna mahali palipolegea. Halikuwahi kutoka mezani kwa Lise gauni lililomkaa mtu vizuri namna ile, na alitamani lipasuke.

"Kesho nitaungia dantele kule chini," alisema haraka, akigusa kipande cha lesi mezani. "Na huku juu nitapunguza. Haitajulikana."

Tamar alikuwa anamtazama dada yake kwenye kioo, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Bantu yote, ndugu na majirani, walikuwa mule kanisani, mu ndoto yako?"

"Bote."

"Na minyi? Nilikuwa wapi?"

Lise alirudi kwa mawazo kanisani kumtafuta. Aliangalia kwaya, akaangalia viti vya mbele vya ndugu, akaangalia mlangoni, mahali wanaposimama wasichana wa kushika maua. Angeweza kumweka mahali popote sasa hivi na kusema alikuwa pale. Mama yao aliita kwamba chakula tayari.

"Haukukuwako," akasema.

Tamar akamgeuza taratibu kwa mabega, akaanza kumfungua vifungo vya mgongoni, maana Lise asingeweza kuvifikia mwenyewe.