Kiti cha Dada Sanae

Kiti cha filimbi katika ukumbi wetu wa michezo ya muziki hapa Osaka hakiachwi hivi hivi. Anayekikalia hukikalia mpaka meno yang'oke. Kuramochi Sanae alikikalia miaka kumi na minne, na mimi ndiye niliyemtoa. Nalisema mapema usije ukanihurumia bure.

Nilikuwa deiwaka wake. Mpigaji akiuguliwa au akifiwa, yeye mwenyewe humtafuta wa kumshikia nafasi, na sheria ya deiwaka haijaandikwa popote lakini sote tunaijua: piga kama mwenye kiti anavyopiga, usimzidi, usimwaibishe, na mwezi ukiisha mpelekee boksi la vitu vitamu kumshukuru kwa kukuamini. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Kumi na mmoja kati ya hiyo niliimalizia kwenye kumbi za harusi, wimbo uleule, maharusi tofauti, wageni wakitafuna kamba wa kukaanga bila hata kugeuka. Dada Sanae, aliyenitangulia chuoni, ndiye pekee aliyewahi kuniita nikae shimoni chini ya jukwaa, pamoja na wapigaji wa kweli.

Aliniita mwezi wa Juni. Tulikula vitumbua vya pweza tumesimama nje ya stesheni.

"Chizu, nishikie kiti mpaka Oktoba," alisema. "Nimewaambia mama kavunjika nyonga."

"Masikini! Mama anaendeleaje?"

"Mama? Jana kaenda kucheza gofu." Akacheka, kisha akaninyoshea mkono wa kushoto. Kidole cha pete kilikuwa kikijikunja chenyewe, taratibu, bila kuamriwa. "Nikishika filimbi ndiyo kinazidi kabisa. Nina daktari mmoja, mzee mkali kama pilipili, ananifanyisha mazoezi kama mtoto wa chekechea. Anasema kitarudi. Sijamwambia mtu, Chizu. Wewe na yeye tu. Watu wakijua... unajua mwenyewe."

Nilijua. Mpigaji akisikika ana mkono mbovu, simu yake haiiti tena. Hata akipona, wenzake humsikiliza wakisubiri akosee.

"Mimi kaburi, dada," nikasema.

Julai na Agosti nilipiga kama yeye, pumzi kwa pumzi, nikifuata alama zake za penseli kwenye karatasi za nota. Septemba nikaanza kupiga kama mimi. Siku moja mwongoza okestra aliinua macho katikati ya sehemu ninayopiga peke yangu, akatabasamu, na tabasamu lile likanilevya. Kwenye treni ya kurudi nyumbani nilijikuta natunga sentensi. Niliitunga siku tatu. Nikaifanyia na mazoezi: namna ya kushtuka, namna ya kuziba mdomo.

Bwana Todoroki, anayepanga wapigaji, alinikuta mchana nasafisha filimbi.

"Chizuru, mama yake Kuramochi hajapona tu? Nyonga gani hiyo? Au kavunjika zote mbili?"

"Mama yake?" nikasema. "Mimi nilidhani ni mkono wa dada..." Nikaziba mdomo. "Samahani. Sikusema kitu, Bwana Todoroki."

"Mkono," akasema, wala hakuuliza zaidi. Ni mtu mwema, alisikitika kweli, na wiki ya pili yake akanipa kiti.

Watu husema ulimi hauna mfupa, kana kwamba unateleza tu wenyewe. Wangu haukuteleza. Ulikwenda pale nilipoutuma.

Novemba Dada Sanae akanipigia simu tuonane mgahawani, saa nne asubuhi. Njia nzima nilijiandaa kuzabwa kibao, na nusu yangu ilikitamani. Alikuja na boksi la maandazi ya maharage matamu.

"Chukua, leo zamu yangu. Hongera."

"Dada, mimi..."

"Usinililie hapa, watu watadhani nimekuibia mume. Kiti kingekwenda kwa mtu tu. Heri wewe kuliko yule mvivu wa Kyoto." Alikoroga kahawa kwa mkono wa kulia. Wa kushoto aliuacha mfukoni. "Lililoniuma ni mkono kujulikana. Nimeomba kazi sehemu nne, wote wananiuliza, mkono vipi? Nikakaa nikawaza, nani alijua? Wewe na daktari. Na wewe nakujua."

Nilitazama kikombe changu.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Chizu. Yule mzee anatibu nusu ya wapigaji wa mji huu. Atakuwa karopoka kwa mmoja wao. Nimeacha kwenda, wiki ya tano sasa."

"Lakini alikuwa anakuponya!"

"Alikuwa. Nilifika kupiga wimbo mzima bila kidole kujikunja." Akautoa mkono mfukoni, akauweka mezani. Kidole kilikuwa kimelala juu ya kiganja. "Nilimwendea, nikamwambia mbele ya wagonjwa wake kwamba ana mdomo. Aliinamisha kichwa tu. Asiye na hatia si angejitetea?"

Maneno yaliyotakiwa yalikuwa mawili tu: ni mimi. Angenichukia, angetoka palepale kwenda kumwomba mzee radhi, na kidole chake kingepata nafasi ya kupona. Mimi ningekosa kiti, na Osaka nzima ingejua kwa nini. Niliona yote hayo waziwazi, nikajichukia, nikafungua mdomo.

"Yuko daktari mwingine, mji wa Himeji," nikasema. "Ni mbali kidogo, lakini nasikia ni mzuri."

"Kweli? Anajua kutunza siri?"

"Anajua."

Nikamwandikia jina na namba ya simu nyuma ya risiti, kwa mwandiko wangu mzuri. Saa nzima ya treni kwenda, saa nzima kurudi, na mazoezi angeyaanza upya, kuanzia siku ya kwanza. Dada Sanae aliikunja karatasi akaitia kwenye mkoba.

"Asante, mdogo wangu. Sina mwingine wa kumwambia haya."

Akasimama, akaniinamia mbele ya watu, mgongo wote. Nami nikasimama nikainama chini kuliko yeye, maana mimi ndiye mdogo.