Wageni Walioitwa Bora

"Hivyo hao wateja wa kwenye simu, Bi Mize, wataingilia mlango upi?" aliniuliza jirani yangu Bi Salhina, siku mpwa wangu Raykha aliponifungulia tovuti ya kuuzia kofia ninazoshona.

Nilicheka. Lakini siku zikapita, hakuingia hata mmoja, na shemeji yangu Mbarouk alikwishasema: asipopatikana mteja mpaka Ijumaa, nifunge kazi, nihamie kwake nikalee wajukuu.

Usiku wa kuamkia hiyo Ijumaa niliswali Isha, nikalala, nikaota.

Sebule imejaa watu wanaofanana. Kila mmoja jina lake Bora. Raykha alilitia neno hilo kila mstari wa tovuti, na sasa maneno yote hayo yamekuja kukaa.

"Bora kwa lipi?" nawauliza.

"Bora tu, bibi. Chai iko wapi?"

Nawamiminia. Mgeni ni mgeni.

Mlango unakohoa. Naukuta si mlango tena, ni kile kisanduku cha kwenye simu ambamo watu huandika wanachokitafuta, cheupe, kijistari kinapepesa ndani kama jicho lililoingia vumbi. Nje, uchochoro umekuwa mnada. Matajiri wa matangazo wanagombania neno "kofia", limefungwa kamba kama ng'ombe.

"Lile hutaliweza bei," chasema kisanduku. "Wewe unauza nini hasa?"

"Kofia bora."

"Hao ninao mpaka wananitoka puani. Sikiliza watu wanavyoninong'oneza."

Kinafungua kinywa, inatoka sauti ya mtu mzima, yenye haya: "Kofia ya kichwa kikubwa, isiyobana."

Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, hakuna kofia ya dukani iliyomwingia. Ndiyo nikajifunza kushona pana, na mpaka leo ndogo siziwezi. Lakini kichwa cha mtu hakisemwi hadharani, hata kikiziba dirisha.

"Mimi nina stara zangu," nasema.

"Kaa nazo. Mimi mtu hanioni, ndiyo maana huniambia kweli. Andika alivyosema yeye."

Naomba msamaha kwa Mola, naandika maneno hayo tovutini kwa sindano na uzi. Kila herufi ikiingia, Bora mmoja anaweka kikombe chini na kutoweka.

"Sasa sisi twende wapi?" anauliza wa mwisho.

"Nenda kwa wauza magodoro, mwanangu."

Adhana ya alfajiri ikaniamsha. Nikaswali, nikaanza kufunga mizigo.

Mbarouk akaja na gari la kunihamisha. Hakuitazama mizigo. Kofia yake ameishika mkononi, na paji la uso lina alama ya kubanwa.

"Shemeji, maneno haya kakuandikia nani?"

"Yapi?"

Akanionyesha tovuti yangu kwenye simu yake. Kofia za kichwa kikubwa, zisizobana. Herufi zimepinda kidogo kushoto, kama mshono wangu.

Nikamtolea moja. Ikamwingia taratibu mpaka juu ya masikio. Akainama, akainuka. Haikuanguka.

"Basi, shemeji, leo ndiyo Ijumaa," nikamwambia. "Na hiyo inauzwa."

Akanitazama, akatazama mizigo, akaweka noti mezani, akaondoka na gari lake tupu, kofia kichwani.