Sindano ya Miezi Mitatu

Ilikuwa siku ya tatu mabomu yakirushwa mjini kutoka milimani. Basma alikuwa ndani ya zahanati moja ya mtaa wa Buyenzi, mkononi ameshika sindano aliyotumiwa na dada yake kutoka Brussels. Mwanawe Nura, wa miaka kumi na miwili, alijikunyata kando yake. Tangu ajue kusema, Nura hakukubali kuitwa msichana. Sasa kifua kilikuwa kimeanza kuota matiti, na kila asubuhi alikikaza kwa kitambaa hadi ngozi ikachubuka. Chakula alikuwa hagusi.

Daktari Daphrose aliisoma karatasi ya dawa mara mbili.

"Hii naijua kwa watoto wanaobalehe mapema, wa miaka sita, saba. Kwa mutoto kama Nura, hata Ulaya wameanza juzijuzi. Inasimamisha mwili usibalehe, miezi mitatu kwa kila sindano. Ukiacha dawa, mwili unaendelea."

"Na ubaya wake?"

"Mifupa. Umri huu ndio inakomaa, na dawa inaichelewesha. Mashine ya kuipima hatuna. Mengine sijui, Mama Nura, siwezi kukudanganya."

"Baba yake anasema tungoje vita viishe."

"Vita vina miaka kumi. Na kifua kikishakua, dawa hairudishi nyuma."

Kishindo kikatikisa madirisha. Wote watatu wakainama. Kilipopita, Basma akamgeukia mwanawe.

"Umesikia yote. Unasemaje?"

"Mi naogopa mifupa, Mama. Lakini kuamka naogopa zaidi. Kila asubuhi najigusa kwanza, nione kama kimeongezeka."

Basma alikuwa amejiandaa kwa kilio, si kwa sauti tulivu vile. Akamkabidhi Daphrose sindano.

"Moja tu. Kabla ya sindano ya pili tunakaa tena, na baba yake, Moosa, awepo."

"Na kitambaa kitoke leo," akasema Daphrose, akivunja kichupa.

Mwezi uliofuata, Agosti, Nura akaanza kula. Basma hakupata raha. Kila Nura alipojikwaa uani, alikimbia kumpapasa mifupa. Sindano ya pili ikachelewa wiki tano njiani, kifua kikaanza kuuma tena, na Nura akajifungia chumbani.

Ilipofika, Moosa alikuja zahanati mwenyewe. Aliuliza maswali saa nzima, na nusu yake Daphrose alijibu, "Sijui." Mwisho Moosa akamtazama mwanawe, akavuta kiti, akamshika mkono wakati sindano ikiingia.