Chungwa Lilipomfuata Mwanaidi

Usiku wa jana niliota chungwa limekaa kwenye kochi letu, limekunja nne, linasubiri chai.

Lilikuwa chungwa la hapa hapa Muheza, kijani kibichi na limeiva. Nikaliamkia shikamoo. Likaitikia marahaba bila hata kuniangalia, nikajua ni mkubwa kwangu.

"Nimemfuata mtoto," likasema.

"Mtoto gani?"

"Huyo aliyelala chumbani. Mwanaidi."

Nieleze kidogo hapa, maana nawaandikia kina mama wenzangu wenye watoto darasa la kwanza kwenye shule hizi za Kiingereza, msije mkafanya kama mimi. Jana mwanangu alichora chungwa akalipaka kijani. Machungwa anayoyajua yeye ni ya shamba la babu yake, na yale ni kijani hata yakiiva mpaka yakadondoka. Mwalimu Shekiondo akampiga mkasi mkubwa mwekundu, alama ya kukosa. Akasema kwa Kiingereza tunda hilo na rangi yake vina jina moja, orenji, kwa hiyo tunda lazima lifanane na jina. Apake ile rangi ya katikati ya nyekundu na njano. Tena leo ni mtihani, na atakayekosea anarudishwa chekechea. Mimi niliishia la saba, nibishane na mwalimu? Nikamwambia mtoto afanye anavyotaka mwalimu wake, tukalala.

Ndiyo chungwa likaja.

Nafungua mlango nimwite jirani. Nje hakuna uwanja wetu, kuna geti la mpakani. Maneno yamepanga foleni, kila moja na mzigo kichwani. Neno sukari lipo mbele yetu, limechoka, linajipepea na kanga. Askari wa zamu ni limau mwenye kofia.

"Anayefuata!"

Chungwa linasogea. "India nilikuwa naranga. Uajemi nikawa narangi, Waarabu wakaniita naranji, Wahispania naranha. Ile N yangu ya mbele ilidondoka njiani, sikurudi kuiokota, jua lilikuwa kali. Nikafika kwa Waingereza nikiwa orenji."

"Na rangi uliiiba wapi?"

"Sijaiba, afande. Waingereza rangi hiyo walikuwa wanaiona, jina hawana. Wanasema njano-nyekundu, wanahangaika tu. Mimi nilipofika sokoni kwao wakanitazama, wakachukua jina langu wakaipa rangi. Sasa watoto wanafundishwa kwamba mimi ndiye sifanani nayo!"

"Hiyo shauri yako. Sheria ni moja. Kisichofanana na jina lake kinarudi kilikotoka. Umekuja na nani?"

"Na huyu. Alinipaka kijani, nikasema awe shahidi wangu."

Nageuka, kumbe Mwanaidi amesimama ubavuni kwangu na gauni lake la kulalia, anapiga miayo.

"Jina?"

"Mwanaidi," nikajibu mimi.

"Alizaliwa Idi?"

"Hapana, afande. Alizaliwa siku ya gulio. Mvua ilikuwa inanyesha."

"Basi hafanani. Anarudi."

"Anarudi wapi?"

"Alikotoka. Fungua tumbo, mama, unachelewesha foleni."

Naangalia tumbo langu. Lina zipu. Askari ameshaishika na anaivuta, na Mwanaidi ameanza kuwa mfupi. Amenifika kiunoni. Amenifika gotini.

"Mama, viatu vinanipwaya," akasema.

Nikapiga kelele. "Subiri, baba! Jina si lake peke yake! Ni la bibi yake mzaa baba. Huyo bibi ndiye aliyezaliwa Idi. Kwetu mtoto wa kike wa kwanza anapewa jina la bibi yake huyo. Hapewi ili afanane nalo. Anapewa alibebe, bibi akifa lisipotee!"

Foleni yote ikageuka kuniangalia. Sukari ikatua mzigo wake chini. "Huyu mama kasema. Hata mimi langu nimerithi. Mnipime na mimi?"

"Wewe nyamaza, huna zamu," askari akasema, lakini zipu akaiachia. Uso ukamkunjamana zaidi ya kawaida. "Jina la kurithi halipimwi, eeh?"

"Halipimwi, afande."

"Basi mtoto abaki, na chungwa lipite na kijani chake. Ila kesho huyu mtoto apake anachokiona kwa macho yake. Akipaka kingine, mama, nakuja mwenyewe, na zipu najua ilipo."

Nikaifikiria chekechea na ada niliyokwisha kulipa. Nikasema sawa.

Chungwa likashika njia. "Na jina langu nalitoa kwenye ile rangi," likasema bila kugeuka. "Watafute lingine."

Nikaamka najipapasa tumbo. Hakuna zipu. Nikajicheka, nikasema hii ni mihogo ya usiku.

Asubuhi kwenye chai nikamwambia Mwanaidi asisahau, apake alivyosema mwalimu.

"Lakini mama, ya babu ni kijani."

"Kunywa chai."

Nikampeleka shule mwenyewe, mpaka mlangoni mwa darasa. Mwalimu Shekiondo alikuwa anagawa kalamu za rangi.

"Haya, watoto," akasema, "kwa chungwa tunatumia hii hapa, rangi ya… ya…"

Akaitazama ile kalamu. Akaigeuza huku na huku.

"Ya njano… nyekundu… Ajabu hii! Mama Mwanaidi, hebu nisaidie, hii rangi kwenu mnaiitaje?"

Nikafungua mdomo. Halikuja neno lolote.

Nikamshika Mwanaidi bega, mkono mwingine nimejishika tumbo, pale ilipokuwa zipu. "Paka kijani," nikamwambia, kwa sauti, na mwalimu asikie. "Chekechea utarudi kwa miguu yako mwenyewe."