Mbao ya Tangi la Chemchemi

Jumatatu asubuhi Kimeli alikuwa anapima jikoni ya mamake na kamba, kwa sababu chemchemi ilikuwa imehamia hapo. Ilitoka bondeni Jumamosi na kambale wake wanne, ikapita kati ya majani chai, ikasimama kando ya meko. Rodah, mamake, aliipa sufuria, ikajaa. Akaipa debe, ikajaa pia. Maji ingine ikabaki imesimama tu, inangoja.

"Itakaa hapa mpaka lini?" Rodah akauliza. "Siwezi kupika ugali nikiizunguka."

"Mpaka Ijumaa, chifu aione."

Kiwanda ya majani chai ilikuwa imejaza bonde yote na miti ya blugamu, ile mikaratusi, kuni ya boila ya kukausha chai, na miti ikanywa chemchemi miaka sita. Rodah akilalamika, chifu anasema hapo hakujawahi kuwa na maji. Akiiona na macho yake, ndio ataandika barua miti ikatwe. Kwa hivyo tangi ya kuiweka ilikuwa lazima iwe ya kioo.

Kimeli akaenda Chepilat kwa Nyang'au, fundi wa vioo.

"Nataka ya dirisha. Urefu ni mita mbili."

"Wacha urefu. Maji inasukuma vile imeenda chini. Kimo?"

"Futi mbili. Nimeiambia ilale ifike futi moja, imekataa."

Nyang'au hakushangaa, wateja wake wengi walikuwa wagumu. "Ya dirisha itapasuka mkiiangalia. Mbele weka milimita kumi na mbili. Kioo pande zote utauza ng'ombe, kijana. Hizo zingine weka plaiwudi nene, upake rangi ya tangi, ufunge na mbao kavu."

"Mbao gani?"

"Yoyote."

Kimeli alitafuta mbao ya saipresi mpaka Kapkatet. Kila mahali ni blugamu. Alilaani, akapiga teke rundo la mbao, akanunua.

"Hii si ndio ile miti?" Rodah akauliza.

"Imekatwa, Mama. Imekufa."

Jumanne alibandika kioo na gundi ya silikoni. Alhamisi asubuhi chemchemi ikaingia yenyewe. Kioo haikupinda hata kidogo. Saa sita maji ilikuwa imeshuka shubiri moja. Kimeli alipapasa chini ya tangi, kukavu. Jioni mbao ikatoa majani. Akakata na panga. Akifika kona ya nne, ya kwanza imeshamea tena. Rodah akawahamisha kambale kwa sufuria.

Ijumaa chifu alikuja, akagonga kioo na kidole.

"Kioo nzuri. Maji iko wapi?"

"Imekunywa," Kimeli akasema, akionyesha mbao. Matawi ya kona zote nne yalikuwa yamefika kwa mabati.

Chifu akaangalia juu. "Na hamkupanda hata kwa udongo," akasema. Akatoa kalamu, akaandika barua hapo hapo.

Jumatatu lori ya kiwanda ilileta miche mia mbili ya blugamu, ya kupandwa shamba ya Rodah, kwa vile barua ya chifu ilisema ilishika vizuri jikoni. Dereva akamwambia Kimeli aimwagilie kabla jua iwe kali.

"Na maji gani?" Kimeli akauliza.

Dereva akachungulia jikoni, akaonyesha sufuria ya kambale.