Sukari Inayowaka

Fundi wa kuchomelea ana uvimbe wa saratani shingoni, na leo hospitalini wanatazama kama umesambaa.

Maisha yake yote amekimbia mwanga. Cheche zikiruka, anashusha kinyago. Leo mwanga umeingizwa mshipani mwake kwa sindano, mionzi iliyofichwa ndani ya sukari, na huko ndani hakuna kinyago.

"Lala tu, mzee," muuguzi alisema, amesimama nyuma ya ngao nzito. "Usiongee, usitafune, usijikaze. Saratani inakula sukari; msuli ukifanya kazi nao unaila, halafu kwenye picha unawaka kama ugonjwa. Na binti yako mwenye mimba asikukaribie mpaka kesho, mionzi isimfikie mtoto."

"Kuogopa je, kunaruhusiwa?"

"Ogopa, lakini ulegee."

Taa hafifu. Blanketi. Ukuta mnene. Sukari inatembea. Inapita moyoni, inapita kwenye ini, inabisha hodi kila mlango: nani ana njaa humu?

Lala tu, mzee.

Alilala. Lakini woga una mikono yake. Ulimkamata mabegani, ukamvuta shingo, ukamsagisha meno. Vidole vikajikunja, vikashika koleo la kuchomelea ambalo halikuwepo. Sukari inapita, inabisha, na kila msuli uliokazwa unaifungulia.

Lala tu, mzee. Naye akalala, amejikaza kama nondo.

Mashine ya picha ikammeza, ikamtema.

"Ulilalaje, mzee wangu?" daktari aliuliza.

"Kama maiti."

"Maiti gani anayesaga meno?" Akamgeuzia kioo cha kompyuta. Mabega yanawaka. Shingo inawaka, kulia na kushoto. Taya linawaka. "Ugonjwa umo humu, lakini siwezi kuutenganisha na woga wako."

"Basi nichomeni sindano nyingine sasa hivi."

"Dawa hii haiwekwi akiba, mzee. Inatengenezwa alfajiri, jioni imeshapoa. Rudi wiki ijayo."

Nje, binti yake alinyanyuka kwenye benchi, tumbo mbele, mikono imenyooshwa. Fundi akarudi nyuma.

"Kaa hapo hapo, mama. Leo baba yako ndiye moto wenyewe."

Binti alicheka kidogo, kisha akaacha. Fundi akakaa mwisho kabisa wa benchi, akamgeuzia mgongo, kama anavyowakinga wapita njia na cheche zake.

Woga ulimgharimu hivi: wiki nyingine ya kutojua, asubuhi nyingine ya kukaa njaa kabla ya kipimo, sindano nyingine. Na mkono wa binti yake ataukosa mara mbili, leo na siku ya kurudi.